Mjumbe

Machi 2020, shule zikafungwa. Nilikuwa na miaka 16. Kafyu ilianza saa moja jioni, kwa hivyo baba, aliyezoea kurudi tukiwa tumelala, akaanza kushinda nyumbani. Hapo ndipo niligundua yeye na mama hawaongei.

Mama alihamia kitanda changu, mimi nikalala kwa kochi. Maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Mwambie babako chakula kiko hapo. Asipotaka, aache."

Natoka jikoni, naingia sebuleni. "Baba, mathe anasema karibu chakula."

"Mwambie mamako sina pesa ya gesi. Atumie ile ya chama chake."

Narudi jikoni. "Mathe, baba anaomba tafadhali umsaidie na gesi."

Niliamini nikiendelea hivyo watapatana. Kila usiku nilipanga sentensi za kesho.

Julai, barabara za kutoka Nairobi zilipofunguliwa, baba alibeba begi moja. Mlangoni aliniambia, "Mwambie mamako nimeenda."

Nilisimama nikitafuta namna ya kulainisha hayo. Nikakosa. Nikayafikisha vile yalivyo.

Mwaka jana nilimwomba mama msamaha kwa kumdanganya. Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Babako aseme tafadhali? Na ile nyumba ilivyokuwa ndogo! Nilikuwa nasikia kila kitu."

"Sasa mbona hukuniambia ninyamaze?"

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nangoja nisikie vile utaitengeneza."