Salamu kwa Mikono Mitupu

Mnikubalie nianze na mchezo wa vijana. Mtoto wangu anapenda Red Dead Redemption 2, mchezo wa video wa mwaka 2018 unaoonyesha Marekani ya 1899. Siku moja nikajaribu. Watu wa barabarani waliniogopa, wengine wakakimbia. Kijana akacheka: « Papa, rudisha kwanza bunduki, halafu umusalimie. » Nikafanya hivyo, mpita njia akaitika.

Nikamkumbuka baba yangu, hapa Bukavu: muzee unamupa mukono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko. Kwangu mimi maana ni moja: mikono yangu yote unaiona, haina kitu.

Kwenye avenyu yetu kuna mama aliyekimbia vita. Nilisema ana kiburi, kwa sababu hakuitika ile « jambo » niliyomtupia mbio-mbio nikienda kufundisha. Jioni ile nikasimama mbali kidogo na mlango wake, nikainama, nikasalimia, nikangoja. Kimya. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akaitika: « Jambo, mwalimu. »

Kumbe alijua kazi yangu. Mimi hata jina lake sikulijua. Nikamuuliza.