Hisa Si Timu ya Mpira

Wahenga walituachia msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeuandika msemo huu ubaoni kwa miaka mingi, pembeni mwa hesabu za faida na hasara, lakini maana yake pana niliipata baada ya kustaafu, hapa Tangini, kwa kuwasikiliza wazee wenzangu wakibishana juu ya hisa za benki.

Sisi tuliosomea ualimu miaka ya sabini tulilelewa tukilitilia shaka neno hisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote, na chuoni tulifundishwa kwamba mwenye hisa ni mtu anayenyonya jasho la mwenzake kwa mrija. Tukaenda kuwafundisha watoto hivyo hivyo. Mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar, masharti yakalegezwa. Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kazi, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikawa ya gesi, TOL. Hivyo mwalimu wa rika langu aliyenunua hisa alikuwa anavuka mto mpana bila mzazi wala kaka wa kumwonyesha kivuko.

Mmoja wetu aliuvuka mwaka 2009. Ni mwalimu mstaafu kama mimi, jirani yangu, mtu mwadilifu na mgumu wa kushindwa. Mwaka huo benki ya CRDB iliuza hisa kwa umma kwa Sh 150 kila moja. Mwenzetu akachukua hisa 2,000, yaani Sh 300,000. Mwaka 2015 benki ikawapa wanahisa wake nafasi ya kununua hisa mpya, moja kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa Sh 350. Akachukua zote 400 alizostahili, akatoa Sh 140,000 nyingine. Sasa alikuwa na hisa 2,400 zilizomgharimu Sh 440,000. Kwa tajiri hicho ni kiasi cha kusahaulika mfukoni. Kwake yeye ilikuwa ni paa la banda la uani, ambalo mke wake alikusudia kulipangisha.

Kisha mambo yakageuka. Faida ya benki hiyo, iliyokuwa kama Sh bilioni 74 mwaka 2016, ilishuka hadi kama bilioni 36 mwaka 2017. Gawio la mwaka 2015 lilikuwa Sh 17 kwa hisa. La 2016 likawa Sh 10. La 2017 likawa Sh 5. Piga hesabu, ndugu msomaji: Sh 5 mara hisa 2,400 ni Sh 12,000, na ukiondoa kodi ya asilimia 5 zinabaki Sh 11,400 kwa mwaka mzima. Bei sokoni nayo ikateremka, na mwaka 2019 ikapita chini ya ile Sh 150 ya mwanzo. Aliyenunua kwa 350 alikuwa amebaki na chini ya nusu.

Kijiwe chetu cha kahawa kina watu wa kila aina, na habari za hisa hizo hazikuwa siri, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amezitangaza wakati bei ikiwa juu. Aliyemshambulia zaidi alikuwa karani mstaafu wa chama cha ushirika. Huyu alikuwa ameona kwa macho yake fedha za wakulima zikiyeyuka na vitabu vikikosekana, akaapa kutoamini tena kitu chochote chenye neno mwanachama au mwanahisa. Kila jioni aliuliza, "Mwalimu, leo benki yako imekula kiasi gani?" Vijana wa bodaboda wakacheka.

Mwenzetu alikuwa na majibu matatu. La kwanza, benki hii ni yetu sisi wanyonge. La pili, nyie hamna hata hisa moja, mnasema nini? La tatu, mnanionea wivu. Nataka tuyapime majibu haya kwa utulivu, maana nimekuja kugundua kwamba ni majibu ya wawekezaji wadogo kila mahali.

Jibu la kwanza lina mzizi wa kweli. CRDB ilitokana na Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini iliyoundwa mwaka 1984, na ilipobinafsishwa mwaka 1996 ilikwenda kwa maelfu ya wanahisa, vyama vya ushirika vikiwamo. Mtu ana haki ya kuipenda historia hiyo. Hata hivyo mapenzi hayalipi gawio. Mkopaji asiporejesha mkopo, benki haiulizwi ilizaliwa lini.

Jibu la pili ni dhaifu zaidi. Anayetazama nyumba akiwa nje huona ufa ambao aliyelala ndani haoni. Karani hakuwa na hisa, lakini hofu yake ilikuwa na sababu: miaka hiyo mikopo chechefu ilizisumbua benki nyingi nchini, na Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa sababu mitaji yao ilikuwa imepungua mno. Kumwambia mtu wa namna hiyo anyamaze kwa kuwa si mwanahisa ni sawa na kumfukuza mpita njia anayekuambia jikoni kwako kunawaka moto.

Jibu la tatu ndilo lililonihuzunisha, kwa sababu lilionyesha kwamba mjadala ulikuwa umeacha benki na kuingia katika heshima ya mtu. Tangu hapo hisa zikawa kama Simba na Yanga. Shabiki haulizi kama timu inacheza vizuri. Anauliza nani kaisema vibaya. Timu ikifungwa, mwamuzi ana makosa. Hayo yana raha yake uwanjani, na hayamgharimu mtu zaidi ya kiingilio. Hisa inakula akiba ya nyumba.

Na nyumba ilikuwa inaumia kweli. Shemeji alimwomba mara kadhaa auze japo nusu ya hisa wamalizie banda, maana mbao zilikuwa zimeanza kuoza kwa mvua. Akakataa. Nilipomuuliza faragha kama anaamini bei itarudi, hakunijibu habari za bei. Alisema, "Nikiuza, yule karani atanicheka mpaka kaburini." Nikatambua kwamba hakuwa anailinda akiba yake tena. Akiba ndiyo iliyokuwa inamlinda yeye asichekwe, na shemeji ndiye aliyekuwa akilipia ulinzi huo.

Nilimwomba tufanye kazi moja ya kimwalimu. Benki hutakiwa kutangaza hesabu zake kila robo mwaka, na magazeti huzichapa. Tukakaa barazani kwangu na magazeti, penseli na daftari la mistari. Tukaandika maswali manne: faida inapanda au inashuka? Mikopo chechefu inapungua au inaongezeka? Gawio linatoka katika faida ya kweli? Na ni jambo gani, likitokea, litanifanya niuze? Swali la nne lilimchukua jioni nzima. Alikuwa amezitetea hisa zake kwa miaka minne bila kujiuliza ni kitu gani kingeweza kumbadilisha mawazo. Mtu asiye na jibu la swali hilo hana hoja. Ana imani tu, na imani mahali pake ni msikitini na kanisani.

Wakulima wa Kisarawe wanalielewa jambo hili kuliko sisi wasomi. Bei ya korosho ikianguka, mkulima hakati mkorosho. Lakini pia hauachi bila kuutazama. Anachunguza majani na maua kama yameshikwa na ubwiriunga, kwa sababu bei mbaya ni habari ya soko na ugonjwa ni habari ya mti. Mwenye hisa anapaswa kutenganisha mambo hayo mawili kila mwaka. Mwenzetu alikuwa anasema bei ni ya kupita tu, na karani alikuwa anasema mti umekufa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameinama kuutazama.

Tulipoinama tuliona kwamba mti ulikuwa hai. Faida ya 2018 ilikuwa imepanda tena, na gawio la mwaka huo likawa Sh 8. Likafuata la 2019, Sh 17. La 2020, Sh 22. La 2021, Sh 36. La 2022, Sh 45. La 2023, Sh 50. Hisa zile zile 2,400 ambazo zilileta Sh 12,000 kabla ya kodi zikaleta Sh 120,000. Kufikia mwaka 2024 bei ilikuwa imepita Sh 500, na thamani ya hisa zote imevuka Sh 1,200,000.

Bila shaka unadhani hapa ndipo nitakapompa mwenzetu taji. Yeye mwenyewe alilitaka, akazunguka Tangini akisema, "Niliwaambia!" Mimi sikumpa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2001. Nayo ilikuwa na wanahisa wadogo, nayo iliitwa ya wananchi. Ilidhoofika mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaweka msimamizi wa kuishika. Aliyeshikilia hisa zake kwa sababu tu hakutaka kuchekwa alikuwa na moyo ule ule wa mwenzetu, na hakupata kitu. Ikiwa majibu yale yale matatu yanaweza kutolewa Kibaha na Mumias, na mmoja akapata na mwingine akakosa, basi si majibu yaliyoleta faida. Kupata si ushahidi kwamba ulifikiri vizuri. Hata mwanafunzi anayebahatisha hupata tiki mara moja moja, na mwalimu mwangalifu humwambia, "Nionyeshe njia."

Kwa upande wa karani naye, bei ilipopanda haikumfanya kuwa mjinga. Maswali yake yalikuwa halali. Dhihaka ndiyo iliyoyaharibu. Angeuliza, "Mwalimu, mikopo mibaya ya benki yako ni kiasi gani?" pengine tungefungua daftari miaka miwili mapema.

Wazee hawa wawili hawakusalimiana kwa karibu miaka miwili, isipokuwa misibani. Ilikuwa msibani pia walipopeana mikono tena, wakachimba kaburi la jirani kwa zamu, na hakuna aliyetaja neno hisa. Banda la uani liliezekwa kwa fedha za binti yao anayefanya kazi Morogoro. Bei ilirudi, lakini mbao zilizooza zilinunuliwa upya.

Ndugu msomaji, siku hizi mtu ananunua hisa kwa simu ya mkononi, na watakaokusifu na kukucheka ni wengi kuliko wa kijiwe chetu. Sikukatazi kununua, wala sikuhimizi. Nakuomba jambo moja tu: siku ile unaponunua, kabla hujamwambia mtu yeyote, andika katika daftari sababu ya kununua, na chini yake andika kitakachokufanya uuze. Mkosoaji akija, usimtazame usoni kujua kama anakupenda. Fungua daftari, uone kama alichosema kimo katika mstari wa pili. Kama kimo, mshukuru na ukauze. Kama hakimo, mwongezee kahawa.