Kwao ni Wapi?

Nilipomaliza kidato cha nne hapa Kasulu nilianza riwaya yangu kwenye kaunta buku. Mhusika mkuu ni rafiki yangu, Mrundi aliyezaliwa kambi ya Mtabila. Kambi ikafungwa 2012, wakarudishwa "kwao". Mwaka 2015 akakimbia tena, akaangukia Nduta, Kibondo.

Siku moja sokoni Nduta, tukila mihogo ya kuchoma, nikamsimulia historia. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Mkutano Mkuu wa Wazayuni kule Basel ukapiga kura: 295 ndiyo, 178 hapana, watu wapelekwe wakaikague. Mwaka 1905 wakaikataa.

Jamaa akacheka. "Wenyeji je, waliulizwa?"

Nikanyamaza. Wanandi na Wamasai hawakuwa na kura Basel, wala London.

"Na mimi je, nani aliniuliza?"

Usiku ule nikachana sura ya mwisho, ile niliyompa nyumba Bujumbura. Nilikuwa nimempangia kwao bila kumwuliza, sawasawa na wale mabwana. Ukurasa uko mtupu mpaka leo. Namngoja aseme mwenyewe.