Kodi Ilipopungua, Nyumbani Hawakujua

Je, mwenzi wako wa ndoa amepata kuiona karatasi yako ya mshahara? Sikuulizi kwa ufedhuli. Mimi mwenyewe niliulizwa jambo linalofanana na hilo, nikakosa la kujibu.

Mwaka 2020 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Piyaya, wilayani Ngorongoro, katika nyanda za wafugaji ambako mtu hupimwa kwa mifugo yake kabla ya fedha zake. Mke wangu na watoto wetu watatu walibaki Karatu kwa ajili ya masomo. Kila mwisho wa mwezi niliwapelekea fedha kwa simu, kiasi kile kile, nao wakajipanga kwa kiasi hicho.

Mwezi Julai mwaka huo sheria ikabadilisha viwango vya kodi ya mapato kwa waajiriwa. Hadi Juni, kodi ilianza kukatwa kwenye kipato kinachozidi shilingi 170,000 kwa mwezi. Tangu Julai ikaanzia kwenye kinachozidi 270,000, na ngazi za juu nazo zikasogezwa. Habari ya namna hii ikisomwa redioni humpita mtu kama upepo. Lakini hebu tuifanyie hesabu. Chukua mshahara wa shilingi 600,000, ambao haukuwa mbali na wangu. Kwanza huondolewa mchango wa pensheni wa asilimia 5, yaani shilingi 30,000, kwa kuwa mchango huo hautozwi kodi. Zinabaki 570,000. Kwa viwango vya zamani, kodi yake ilikuwa shilingi 60,600. Kwa viwango vipya, 270,000 za mwanzo hazikuguswa. 250,000 zilizofuata zilitozwa asilimia 9, yaani 22,500. Na 50,000 za mwisho zikatozwa asilimia 20, yaani 10,000. Jumla 32,500. Nafuu ni shilingi 28,100 kila mwezi, pasipo mwajiri kuongeza hata senti moja.

Nami nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba fedha hizo zimetoka serikalini, si katika mshahara ule ambao nyumbani waliufahamu, kwa hiyo ni zangu. (Uroho nao una wakili wake.) Kila baada ya miezi miwili nilinunua mbuzi mmoja, nikamkabidhi mzee jirani amchunge pamoja na wake. Mwezi Januari 2021 mke wangu akanieleza kwamba amekopa kwa jirani fedha za sare na madaftari. Nikamwambia avumilie, hali ni ngumu kwa kila mtu.

Mwezi Machi tuliomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo, tukatakiwa kupeleka karatasi za mshahara. Nilimpa bahasha nzima bila kuikagua. Usiku ule alizitandaza mezani, ya Mei upande huu, ya Februari upande ule, akaweka kidole kwenye mstari wa kodi.

“Mwalimu,” aliniambia, naye haniiti hivyo ila akiwa na hasira, “hapa kodi imepungua karibu nusu. Hizi zilizopungua zinakwenda wapi?”

Miezi minane, shilingi 224,800. Alizipigia hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la mtoto, la mkopo. Nikamweleza habari za mbuzi. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliuliza tu kama hao wanaokata kodi wanajua katika nyumba hii wanakula watu wangapi.

Jibu ni kwamba hawaulizi. Enzi za ukoloni, kodi ya mapato ya Afrika Mashariki ilimpa nafuu mtu mwenye mke na watoto, ingawa Waafrika waliofikia kipato cha kutozwa kodi hiyo walikuwa wachache mno, na wengi walibanwa na kodi ya kichwa. Viwango vya leo havitofautishi kati ya kijana anayejitegemea peke yake na mwalimu mwenye watoto, mama mzee na wadogo zake wawili. Wenye mshahara sawa hukatwa kodi sawa. Naona hapo pana kasoro, na ningependa wenye kutunga sheria waitazame. Lakini usiku ule sikuwa na uso wa kuilaumu sheria, maana nafuu iliyotolewa ilifika mfukoni mwangu ikaishia hapo.

Mwezi Julai 2021 asilimia ile 9 ilishushwa ikawa 8, na kwa mshahara wa mfano wetu ikaongezeka nafuu ya shilingi 2,500. Safari hiyo nilipiga simu Karatu siku ile ile.

Kuhusu mbuzi, wawili walikwisha kuuzwa mnadani, deni la jirani likalipwa. Wawili waliosalia ni wa mke wangu, na amekataa kuniambia atawafanyia nini.