Ni wa Kike au wa Kiume?

Mtu akirudi kutoka zahanati akasema, "Daktari ameniambia nirudi Jumatatu," mama yangu hakuanza kwa kuuliza ugonjwa. Aliuliza: "Ni wa kike au wa kiume?" Lugha yetu haikumsaidia. Ameniambia, amenishika, amenichoma: Kiswahili hakisemi ni nani, na Kinyarwanda cha majirani nacho kinafunika vilevile. Kwa hiyo pale Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilimbidi mama aulize kwa mdomo wake kile ambacho lugha ilikistahi.

Jibu ndilo lililopanga mambo. Mama alikuwa na sheria zake, hazikuandikwa popote, na nyumba za jirani zilizifuata. Uzazi ni mwanamke, tena aliyekwisha kuzaa. Sindano ni sista, kwa sababu mkono wake ni mwepesi na hana haraka ya kwenda kupikia mume. Macho na masikio, yeyote. Jino ni mwanamume, na awe na mabega.

Zahanati ya masista naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho: spiriti, sabuni ya kipande, na mvuke wa sufuria ambamo sindano za kioo zilichemshwa zikigongana kama bilauri za harusini, na sisi watoto tumepangwa kwenye benchi la mbao, wengine midomo ya zambarau kwa ile dawa ya vidonda, tukimsikiliza sista wa Kizungu akiita majina yetu ya Kiislamu kwa matamshi ambayo hata wenyewe hatukujua ameitwa nani. Mama, asiyekosa swala hata moja, alimwamini yule sista na msalaba wake shingoni kuliko mganga yeyote wa kiume wa dini yake. "Mwanamke ni mwanamke," alisema, na hapo mjadala ukaisha.

Fundi wa meno alikuwa upande wa Nyamirambo, nyuma ya duka la vitambaa, na ukiingia kwake ulikuta kiti cha mbao, kikombe cha bati chenye maji ya chumvi, harufu ya karafuu, koleo lililotoka tu kwenye maji ya moto, na vijana wawili ambao kazi yao ilikuwa kukushika ili usimpige fundi. Gego langu lilitolewa pale nikiwa na miaka 11. Nusu yake ilibaki. Mama alisema fundi alikuwa amechoka siku ile, mabega hakuyalaumu.

Ila sheria zile hazikuishia kwenye gego. Shangazi yangu alishikwa na uchungu usiku, na mkunga wetu wa mtaani, bibi aliyetupokea sisi sote, akakiri kwamba mtoto amekaa vibaya. Wakampeleka hospitali. Aliyekuwa zamu alikuwa daktari wa kiume. Shangazi akakataa kuguswa, mumewe akasimama mlangoni kama askari, wakaingoja asubuhi ilete mwanamke. Asubuhi ilikuja. Mtoto hakuwahi. Shangazi alipona, akaishi miaka mingi, na sikumsikia akijuta wala kujisifu.

Huko Kampala, tangu 1959, Josephine Nambooze alikuwa amehitimu udaktari Makerere, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika hapo. Malori yalitoka Uganda na kila aina ya bidhaa. Habari hiyo haikupanda lori.

Halafu ikaja 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwachukua waganga pamoja na wagonjwa, na kwa muda swali la mama likaonekana la anasa: uliyempata ndiye wako, awe Mzungu wa shirika au muuguzi wa mafunzo nusu. Lakini walikuwapo wanawake ambao kwao halikuwa anasa hata kidogo, waliobakwa, ambao mkono wa mwanamume hata ukivaa glavu haukuweza kuwakaribia. Wajane walipounda chama chao cha AVEGA mwaka 1995, wakaanza kusaidiana mpaka kwenye matibabu, niliacha kuzicheka sheria za mama.

Leo naishi Busanza. Ndege zinapita juu ya paa zikishuka Kanombe. Kilima hiki nilikikuta na mihogo, migomba na vumbi jekundu. Sasa kina lami, na maghorofa ya watu waliohamishwa kutoka Kangondo, mtaa ulioitwa Bannyahe, ambao nyumba zake za mwisho zilibomolewa 2022. Tunasalimiana kwenye ngazi. Hatujuani.

Ukiugua, unachukua kadi ya mituweli, bima ya afya ya jamii, unakwenda kituo cha afya, unapokelewa na aliye zamu. Basi. Na siwezi kubishana na matokeo. Mwaka 2005 hata theluthi moja ya wanawake hawakuwa wakijifungulia vituoni. Utafiti wa 2019–20 ulikuta ni 93 katika kila 100. Vifo vya akina mama kutokana na uzazi, vilivyokuwa 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000, vilishuka hadi 203 katika utafiti huohuo. Mtoto wa shangazi asingeingia hata kwenye hesabu hiyo, maana inahesabu mama tu.

Mjukuu wangu alipokelewa na mkunga mwanamume. Nilipomuuliza binti yangu ilikuwaje, kwa ile sauti ya kuzungukazunguka ya baba asiyejua aulize nini, alinicheka. "Baba, nilikuwa na uchungu. Ndevu zake niliziona asubuhi."

Mkunga yule alikuwa stadi, sina la kumkosoa. Ila hakuja siku ya tatu na uji. Bibi yetu wa Biryogo alikuja, akakaa jikoni, akakagua matiti na kitovu, akajua mume analeta chakula au haleti, na akatoka na siri za nyumba nzima chini ya kitenge chake. Kazi hiyo kidogo imerithiwa na washauri wa afya. Kwa miaka mingi kila kijiji kilikuwa na watatu: mwanamume na mwanamke wa magonjwa ya kawaida, na mwanamke mmoja wa wajawazito na wachanga. Aliyepanga hivyo nadhani alikuwa na mama kama wangu. Na wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hapa kwetu tulimchagua mmoja baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tukanyoosha mikono, ndipo mzee mmoja akauliza anakaa ghorofa ya ngapi.

Nchi nayo imejibu swali la mama kwa namna yake. Kuanzia 2011 mpaka 2020 wizara ya afya ilishikwa na wanawake wawili kwa kufuatana, Agnes Binagwaho na Diane Gashumba, wote madaktari wa watoto. Kule Butaro, chuo kikuu cha UGHE kilipoanza kufundisha udaktari 2019, wanawake walikuwa 20 kati ya wanafunzi 30. Sista na spiriti yake angekosa benchi la kukaa.

Daktari wangu wa meno ni binti asiyefika begani kwangu. Alipiga eksirei, akanionyesha kwenye picha kile kipande cha gego alichoniachia fundi wa Nyamirambo, kimelala ndani ya taya zaidi ya miaka 50 kama risasi ya vita iliyosahauliwa. Akanichoma ganzi. Akaingiza chuma chembamba kando ya mzizi, akakizungusha polepole, mpaka nikasikia unaachia. "Jino halivutwi, mzee," alisema. "Linalegezwa kwanza." Hakunishika mtu.

Nilitoka nikijiona mtu wa kisasa. Kisha, mwaka jana, nikaanza kuamka usiku kwenda haja ndogo, mara tatu, baadaye mara tano. Wenzangu wa umri huu wanajua karatasi ya rufaa ya namna hiyo inakopeleka, na kipimo chenyewe kinafanywaje. Dirishani nikaambiwa jina la daktari. Nikalielewa jina. Nikainama, nikasikia sauti ya mama ikitoka kinywani mwangu: "Hakuna wa kiume?"

Karani hakuinua hata macho. Kwa mituweli, aliye zamu ndiye huyo. Kama nataka kuchagua, kliniki za binafsi zipo, na bei zao nazijua. Nilisimama pale nikitafakari kwamba mama, aliyekuwa akikopa chumvi, alichagua waganga maisha yake yote bila kutoa senti, na mimi mwenye pensheni sina uwezo huo. Na nilikuwa nimedhani kuona haya ni mali ya wanawake. Shangazi ningemwita mkaidi mpaka siku ile.

Nikarudi nyumbani bila kupimwa.

Nilikwenda tena baada ya majuma mawili, kwa kuchoka, si kwa ushujaa. Alikuwa zamu yuleyule. Umri wa binti yangu. Alinifunika shuka mpaka kiunoni, akaniambia atakachofanya kabla ya kukifanya, na muda wote akazungumzia mvua iliyochelewa. Mama angesema ana mkono mwepesi.

Nilimkuta mke wangu barazani, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Amesemaje daktari?"

"Amesema si kitu kibaya. Nirudi baada ya miezi sita."

Nikasimama kidogo, nikisubiri swali. Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani, akaniuliza kama nimepita kwa muuza mkaa.