Baba wa kwenye barua

Najua nimeadimika, lakini si mnajua hali ya hapa Mlimani UE ikikaribia, kila mtu macho mekundu na desa mkononi. Leo desa naliweka pembeni kidogo. Mwezi ujao bro anatoka jela, na tangu juzi sisomi kitu kikaingia.

Wachache wenu mnaijua habari hii. Alihukumiwa miaka mitano, wizi akiwa mtumishi, na yeye wakati huo ana miaka 22. Ukitoa punguzo la theluthi kwa tabia njema inabaki miaka mitatu na miezi minne. Simtetei, mahakama ilishasema. (Watu wa sheria msinirukie: ndiyo, kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, mtu anafagia hospitali badala ya kukaa ndani, lakini ni kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Hakuingia humo.) Mimi ninayemuwaza ni binti yake. Bro anaingia ndani, mtoto ana miezi 14, ndiyo kwanza anasimama dede. Sasa hivi anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na saba lazima airuke, na baba yake akipita barabarani hamjui.

Mwanzoni bro alikuwa gereza la hapa hapa Dar, na shemeji alimpeleka mtoto mara mbili. Mnapanga foleni, mnapekuliwa, halafu mnasimama upande huu wa wavu na wao upande ule, watu kumi wanaongea kwa mpigo, kila mmoja anapaza sauti amshinde mwenzake. Dakika zenyewe chache. Mtoto alilia mwanzo mwisho. Mara ya pili bro akasema msimlete tena, na shemeji alivyonisimulia, alisema hivyo huku anaangalia chini. Baadaye wakamhamishia gereza la kilimo mikoani. Nauli ya basi kutoka Mbezi, kwenda na kurudi, na sabuni na dawa ya meno juu yake, bumu lote linaondoka. Kanuni za Mandela ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 zinataka mfungwa awekwe gereza la karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Hiyo "kadiri inavyowezekana" sisi wanafunzi wa sheria tunaijua, hapo ndipo kila kitu kinapotokea.

Na Mandela mwenyewe yalimkuta. Miaka ya mwanzo pale Robben Island aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kila miezi sita, na watoto walikuwa hawaruhusiwi kumtembelea mpaka wafikishe miaka 16. Mwanawe wa kwanza, Thembi, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1969, baba akanyimwa ruhusa ya kwenda kumzika. Niliisoma hiyo maktaba nikafunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Sasa kuna gereza Uingereza linaitwa Dartmoor. Mwaka 2003 ulianza pale mradi unaitwa Storybook Dads. Mfungwa anasoma hadithi ya mtoto, wanamrekodi, pale alipokwama wanakata, wanatia na sauti za wanyama na milango, halafu mtoto anatumiwa CD nyumbani aisikilize wakati wa kulala. Nikamwandikia bro kuhusu hilo. Nikamwambia sisi rekoda hatuna, ila kalamu unayo.

Akajibu kwa kurasa mbili za Sungura na Fisi! Jamani, bro ambaye sekondari insha zake nilikuwa namwandikia mimi. Barua inapitiwa na askari kwanza kabla ya kutoka, kwa hiyo kuna askari mmoja huko mikoani anazijua hadithi zote za mtoto wetu. Na bro ni mjanja, kila barua anaikatia mahali pabaya, Fisi kashikwa mkia, basi, mpaka barua ijayo. Mimi kama bamdogo ndiye msomaji, Jumapili nikienda kwao shemeji. Nikisema paukwa, mtoto anaitikia pakawa kabla sijafungua bahasha. Haulizi "baba yuko wapi", anauliza "baba kaleta Sungura?"

Kuhusu yuko wapi, hapo nyumbani tuligombana. Bi mkubwa alishaamua kwamba mtoto aambiwe baba yuko Afrika Kusini kikazi. Mimi na shemeji hatukukubali toka siku ya kwanza, lakini nani anabishana na bi mkubwa? Ikaenda hivyo mpaka mtoto wa jirani, kisa kanyang'anywa mwanasesere, akamwambia baba yako yuko jela. Jioni ile shemeji akamkalisha akamwambia: baba alichukua kitu ambacho si chake, akaambiwa akae mahali mpaka muda wake uishe, na anakuandikia kwa sababu anakukumbuka. Mtoto akauliza kama kule wanampa chai. Akaambiwa wanampa uji. Akaenda kucheza. Bi mkubwa alinuna wiki nzima, ila Afrika Kusini hajaitaja tena.

Kinachoninyima usingizi ni barua iliyokuja juzi, hii aliniandikia mimi. Anasema akitoka haji Dar. Anapitiliza Geita kwenye machimbo, apige kazi mwaka mmoja, ndipo aje kumwona mtoto akiwa na kitu mkononi. Mahari hajatoa, wakwe walishamwona mhuni, atasimamaje mlangoni kwao mikono mitupu? Namwelewa kabisa. Wanaume wengi huku kwetu wamepotea kwa watoto wao hivyo hivyo, wala si kwa sababu ya wavu wa gereza, ni aibu ya mfuko mtupu. Mwaka mmoja unakuwa mitatu. Nimemjibu kwa ukali kidogo: Sheria ya Mtoto ya 2009 inazungumzia haki ya mtoto kuishi na wazazi wake, haikusema wazazi wenye mtaji. Shemeji nilipompa aisome hakusema mengi. "Mwambie aje hata na ndala." Basi, nikaiongeza chini ya barua.

Sijui ataamua nini. Ila ndani ya bahasha ile ile kulikuwa na ya mtoto. Safari hii Sungura katumbukia kisimani, Fisi kasimama juu anachungulia, halafu bro kaandika kwamba iliyobaki atamsimulia mwenyewe. Nikamsomea Jumapili. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama baba anajua kufanya sauti ya Fisi, maana bamdogo huwa anaikosea.

Haya, narudi kwenye desa. Jumatatu nina pepa saa mbili asubuhi.