Kodi uliyoniuliza haipo

Poli, Meru
Mwezi wa Tano

Mwanangu,

Huku masika hayajaisha. Barabara ya kwetu ni tope tupu na mlima hatujauona wiki nzima. Mkeo ameniambia uko nyumbani, magari ya watalii yamelala mpaka msimu uanze mwezi wa sita. Basi una nafasi ya kusoma barua ndefu ya shangazi yako.

Uliniuliza kwenye simu habari ya kodi ya mirathi. Mgeni wako Mmarekani alikuwa akiilalamikia njia nzima kutoka Karatu mpaka getini Ngorongoro, nawe ukaanza kuhesabu kiwanja chako cha Moshono na kile kipande cha kihamba, shamba la ukoo, alichokuachia marehemu baba yako. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu mambo haya ukiyasikia simuni yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Tanzania haina kodi ya mirathi. Mtu akifa, Mamlaka ya Mapato, TRA, haiji kudai sehemu ya alichoacha kwa kuwa tu amekufa. Kama marehemu alikuwa na deni la kodi, hilo hulipwa kutoka kwenye mali yake kama deni jingine lolote, lakini kurithi kwenyewe hakutozwi. Huko Marekani serikali kuu inatoza mpaka asilimia 40, ila kwa mwaka 2025 ilianza kugusa mali inayozidi dola milioni 13.99. Majimbo kadhaa yana kodi zao zinazoanzia chini ya hapo. Kwa hiyo mgeni wako ama ni tajiri kwelikweli, ama anakaa kwenye jimbo baya, ama alikuwa anapiga soga. Natumaini tipu yake ilikusaidia kujua ni lipi.

Mwenye haki ya kuwa na hofu ni binamu yako wa Uingereza. Kule mali ikizidi pauni 325,000 kinachozidi kinatozwa asilimia 40, isipokuwa kile anachoachiwa mume au mke, na misamaha mingine michache. Tangu Aprili 2025 wanaangalia ukaazi: aliyeishi kule miaka 10 kati ya 20 iliyopita, hesabu inafuata mali yake popote ilipo, hata kiwanja cha Njiro. Yeye nitamwandikia kivyake. Wewe turudi kwenye yako.

Nimekaa kaunta ya mahakama ya mwanzo mpaka nikastaafu. Nimepokea maombi ya mirathi ya wenye maduka, ya walimu, ya wenye ng'ombe, ya madereva kama wewe. Sikuona mali iliyomalizwa na kodi. Nilizoona zikiisha ziliisha kwa sababu mwenyewe aliondoka na siri zake: mke hajui akaunti iko benki gani, watoto hawajui kiwanja kilinunuliwa kwa nani, mkataba wa mauzo umeandikwa kwenye karatasi ya daftari na shahidi wake naye amekufa. Hapo ndipo wanapojitokeza watu wenye kumbukumbu nzuri kuliko marehemu.

Tuanze na fedha zenyewe. Najua unaweka dola ndani. Usiniulize nimejuaje. Nyumba inaungua, inavunjwa, na noti nazo zinazeeka: peleka dukani noti ya zamani yenye kichwa kidogo, au iliyochanika pembeni, uone utakavyorudishiwa au kupewa bei ya chini. Hizo za dola moja moja na tano tano ndizo zinazopunjwa zaidi. Na usiwape vijana wa pale Mnara wa Saa wakubadilishie. Unakumbuka Novemba 2018, maofisa wa Benki Kuu walipopita Arusha na vyombo vya ulinzi, maduka mengi ya kubadilishia fedha yakafungwa. Tangu siku hizo wajanja wa mtaani ndio waliofaidi. Tena kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kupanga bei au kulipia bidhaa na huduma humu nchini kwa fedha za kigeni. Dalali akikwambia kiwanja chake ni cha dola, mwache apite. Fungua akaunti ya dola benki, inaruhusiwa, na unayohitaji kwa matumizi badilisha pale pale upate risiti.

Benki nazo zisikulaze usingizi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa yetu wenyewe, Benki ya Wananchi Meru. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamfidia mwenye akaunti mpaka shilingi milioni 1.5. Aliyekuwa na milioni moja alikuwa salama. Aliyekuwa na milioni tano alikuwa na 1.5 za uhakika, na 3.5 zilizobaki zilingoja mfilisi auze mali na kukusanya madeni ya benki. Watu wengi wa huku hawakuwa wamewahi kusikia kuwa bodi hiyo ipo mpaka siku ile. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kikawa milioni 7.5 kwa mtu mmoja katika benki moja. Ukizidisha hapo, gawa, weka benki mbili. Kugawa kwenye akaunti mbili za benki ile ile hakusaidii, maana wanajumlisha.

Bima hiyo haifiki kwenye SACCOS wala kwenye kikundi chenu cha madereva. Sisemi utoke. Kikundi kinakufundisha kuweka kila wiki, na siku ya msiba ndicho kinachotangulia kufika na sufuria. Lakini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi visajiliwe, kwa hiyo uliza cheti kiko wapi, nani wana saini benki, na mara ya mwisho hesabu zilisomwa lini. Wakinuna, umeshajibiwa. Na ukisikia mahali panapotoa faida kubwa kwa kuleta watu wengine, kumbuka ule upatu wa DECI. Watu walikuwa wanaambiwa wanapanda mbegu, na wengine walipanda mkopo wa benki, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Waliovuna ni waliotangulia tu, na walivuna za wenzao.

Kama unataka fedha ya kulala muda mrefu, kuna vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ambavyo unaweza kuviuza ukipata dharura, na kuna hatifungani za Serikali, unaanza na milioni moja, riba inaingia kila miezi sita. Uzuri wa vyote viwili ni kwamba jina lako limeandikwa mahali ambapo panya hawafiki. Na riba ya akaunti ya muda maalumu benki inakatwa kodi ya zuio asilimia 10 kabla hujaiona, usije ukadhani umeibiwa.

Sasa ardhi, ambako najua ndiko moyo wako uliko. Tangu uwanja wa AFCON uanze kujengwa Olmoti, madalali hawalali, na wewe umeanza kusema utauza Moshono. Ukiuza, hapo ndipo kodi ipo: asilimia 10 ya faida. Lakini faida lazima uithibitishe. Tangu 2023, asiye na kumbukumbu za gharama zake anatozwa asilimia 3 ya bei yote ya mauzo, au ya thamani iliyothibitishwa kama hiyo ndiyo kubwa zaidi. Piga hesabu: umenunua kwa milioni 20, umeuza kwa milioni 24. Ukiwa na karatasi, kodi ni laki nne. Ukiwa huna, ni laki saba na elfu ishirini. Tofauti hiyo ni bei ya faili moja la plastiki. Kwa hiyo weka mkataba wa mauzo, risiti ya mpima, saruji, nondo, mabati, hata yale makaratasi ya fundi anayoandika kwa penseli, mwambie aweke saini na tarehe. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, kwa hiyo haitakusumbua, ila kodi ya pango la ardhi uilipe kila mwaka. Ikilimbikizwa inakungoja siku ya kuhamisha hati.

Kihamba usikiuze. Hilo si sheria, ni mimi ninayesema. Babu zako walihamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951 kupisha masetla, watu wakachanga vijisenti vyao, na mwakilishi wao Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952 kulalamikia ardhi ile. Nenda ofisi ya kijiji uulize habari ya hati ya hakimiliki ya kimila, inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hakikisha mipaka imesimamiwa na majirani wote, hata yule mliyegombana naye kwa ajili ya mfereji.

Nimefika kwenye sehemu ambayo utanuna.

Ukifa leo bila wosia, wazee watakaa kikao cha ukoo, wataandika muhtasari, watapendekeza msimamizi wa mirathi, kisha naye ataomba mahakamani akiwa na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili. Benki haimpi mtu shilingi mpaka ione hati ya usimamizi. Msimamizi si mrithi, lakini nimeona wengi wakisahau neno hilo wakiwa wameshika hati hiyo, Fomu Namba Nne, mkononi. Mahakama ya mwanzo inamtaka alete orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu. Ndugu hawafuatilii, wanaona aibu. Nawe una kaka mkubwa mwenye maneno mengi, sisemi zaidi.

Halafu kuna ile sheria ya mila ya urithi iliyoandikwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436. Bado ipo. Kwa sheria hiyo, mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza ndiye mrithi wa daraja la kwanza, wavulana wengine daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Mjane mwenye watoto hana fungu lake, anatunzwa na watoto. Mahakama Kuu iliikosoa sehemu yake mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory aliyeuza shamba alilorithi, Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Lakini mkeo asiachiwe kazi ya kwenda kushinda kesi. Mmejenga naye ile nyumba, mimi nilimwona akibeba maji ya zege akiwa na mimba ya miezi saba. Andikisheni hati kwa majina mawili, umiliki wa pamoja wa mume na mke. Mmoja akitangulia, haki inabaki kwa aliyebaki, nyumba haiingii kwenye kikao cha mtu.

Na kuna mtoto wako wa Karatu. Hilo nalijua, na nadhani mkeo analijua pia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto asinyimwe kufaidi mali ya mzazi wake, lakini mtoto asiyejulikana na ukoo atathibitishaje siku hiyo, akiwa amesimama getini na mama yake wakati watu wanakula? Cheti chake cha kuzaliwa kiwe na jina lako. Mwandike kwenye wosia kwa jina, na fungu lake litajwe. Ni heri ugomvi uwe sasa ukiwa hai, uweze kuomba msamaha mwenyewe.

Wosia hauna gharama ya kutisha. Kwa kuwa unajua kusoma na kuandika, kwa mila wanatosha mashahidi wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na mkeo akiwapo nyumbani naye ashuhudie. Uandike kwa kalamu ya wino, tarehe iwepo, sahihi yako iwepo, na wote wawepo pamoja mnapotia saini; wosia unaozungushwa nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi ndio unaovunjika mahakamani. Ukiona una mambo mengi tafuta wakili, na nakala moja unaweza kuihifadhi RITA, wana ofisi Arusha mjini. Zaidi ya wosia, fungua daftari dogo: benki gani, tawi gani, laini za simu zilizo na fedha, UTT, kikundi, nani unamdai, nani anakudai. Namba za siri usiandike. Mkeo ajue daftari liko wapi.

Njoo Jumamosi, siku ya gulio Tengeru, kabla wageni hawajaanza kushuka KIA. Lete mkataba wa Moshono, kadi za benki na cheti chako cha ndoa, tukae nusu siku tupange. Kalamu na faili ninazo. Shahidi wa upande wa ukoo tutamtafuta hapa hapa Poli, lakini si mimi. Shahidi hatakiwi kuwa mrithi, na kama bado una nia ya kuniachia yule ng'ombe wa maziwa, sitaki kumpoteza kwa sababu ya sahihi.

Shangazi yako